Grafu zilitoka nzuri, jozi zilikuwa za watu wengine

Aliyegundua kosa si mimi niliyeandika skripti, ile programu fupi ya kuchora grafu. Ni muuguzi wa kliniki, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai, akanyoosha kidole kwenye kioo. "Kaka, hebu subiri. Huyu mbona amepanda hivyo? Mama huyu namjua, juzi nimempima mwenyewe, ameshuka." Grafu ilionyesha mstari unaopaa kutoka kushoto kwenda kulia, yaani shinikizo la damu limepanda baada ya matibabu. Rejesta ilisema limeshuka. Tukamtazama mgonjwa mwingine, naye hakulingana. Wa tatu hivyo hivyo.

Kazi niliyoombwa ilikuwa nyepesi kuisema. Kila mwisho wa mwezi muuguzi huyu hupokea karatasi mbili za Excel: moja ya vipimo vya siku mgonjwa alipoandikishwa, nyingine ya vipimo vya siku aliporudi. Kutokana na hizo alikuwa akichora grafu moja moja, kundi kwa kundi, kipimo kwa kipimo, na siku nzima ilikuwa inaishia hapo. "Niandikie kitu nibonyeze mara moja zitoke zote," aliniambia. Nikaandika kwa R, lugha ya programu ya kazi za takwimu, mchana mmoja. Zilitoka zote, rangi zimepangika, maandishi hayakupandana, kila ukurasa na kichwa chake. Nikajiona fundi.

Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja wa msimbo. Nilichukua safu ya vipimo kutoka karatasi ya kwanza, nikachukua safu ya vipimo kutoka ya pili, nikaziweka ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ilikuwa imepangwa kwa namba ya kadi. Ya pili mtu alikuwa ameipanga kwa tarehe ya kurudi. Idadi ya mistari ilikuwa sawa, na R ukiipa safu mbili zenye urefu mmoja huziunganisha bila kuuliza nani ni nani. Kila mgonjwa akapewa "baada" ya mwenzake.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimehakiki. Nilikokotoa wastani wa tofauti kwa kikokotoo cha simu, ukalingana na wa skripti hadi desimali ya mwisho, nikaridhika. Sikufikiri kwamba wastani wa tofauti hauhitaji jozi hata kidogo. Unajumlisha "baada" zote, unatoa jumla ya "kabla" zote, unagawa kwa idadi ya watu. Changanya mistari utakavyo, jibu ni lile lile. Nilihakiki kosa langu kwa kipimo ambacho hakiwezi kuliona.

Vipimo vya wagonjwa wale si vya kuanikwa, kwa hiyo nitaonyesha jambo lenyewe kwa data za wazi ambazo karibu kila mwenye R anazo tayari. Ni jedwali liitwalo anorexia, lililo ndani ya kifurushi cha MASS. Lina wasichana 72 wenye anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula hadi mwili unakonda, na uzito wao kwa pauni kabla na baada ya kipindi cha utafiti. Wamegawanywa makundi matatu: 29 walipata tiba ya fikra na tabia, 17 walipata tiba ya familia, na 26 ni kundi la kulinganisha. Safu ni tatu tu, yaani kundi, uzito wa kabla na uzito wa baada. Namba ya mgonjwa haimo. Kinachomfunga msichana na uzito wake wa pili ni kule kukaa mstari mmoja, basi.

Chukua wale 26 wa kundi la kulinganisha. Wastani wa tofauti zao ni pauni −0.45, yaani kwa jumla hawakwenda popote. Mchepuko sanifu wa tofauti hizo, ule unaokuambia watu wametawanyika kiasi gani kuuzunguka wastani, ni 7.99. Sasa fanya makusudi kosa nililolifanya kwa bahati mbaya: panga safu ya kabla peke yake kuanzia ndogo hadi kubwa, panga ya baada peke yake, kisha ziunganishe. Wastani unabaki −0.45. Mchepuko sanifu unaanguka hadi 1.27. Kwenye data halisi yupo aliyeongeza pauni 15.9 na yupo aliyepoteza 12.2, kwenye data iliyovurugwa hakuna hata mmoja aliyesogea zaidi ya pauni 2.7. Grafu ya kwanza ni kichaka cha mistari inayokatizana. Ya pili ni mistari iliyolala kama mkeka, safi kabisa. Na mtu asiyejua akionyeshwa zote mbili, atasema iliyochorwa vibaya ni ile ya kichaka.

Hiyo ndiyo hatari ya kuacha mashine ichore. Ukichora kwa mkono, jina la mgonjwa linapita mbele ya macho yako unapoandika namba yake. Ukiandika skripti, linapita jina la safu.

Basi nilirudi nikafumua. Karatasi mbili zikaunganishwa kwa namba ya kadi, si kwa mpangilio wa mistari:

stopifnot(!anyDuplicated(kabla$namba), !anyDuplicated(baada$namba))
jozi <- merge(kabla, baada, by = "namba", suffixes = c("_kabla", "_baada"))
cat("Kabla:", nrow(kabla), " Baada:", nrow(baada), " Jozi:", nrow(jozi), "\n")

Mstari wa kwanza unaizuia programu isiendelee kama kuna kadi iliyoandikwa mara mbili, kwa sababu kadi moja ikijirudia merge huzalisha jozi za ziada kimyakimya. Mstari wa tatu ni wa kizamani lakini ndio ninaoupenda: unataja wangapi walikuwepo mwanzoni, wangapi walirudi, na wangapi wamepata jozi. Wasiorudi huondoka kwenye grafu bila kuaga. Kama waliopotea ndio walioelemewa na madhara ya dawa, grafu ya waliobaki itapendeza kuliko ukweli wa kliniki, na hakuna rangi itakayokudokezea hivyo. Ndiyo maana idadi ya jozi sasa inaandikwa kwenye kichwa cha kila grafu.

Baada ya jozi likaja swali la kuchora nini hasa. Muuguzi alikuwa amezoea nguzo mbili: wastani wa kabla, wastani wa baada. Kwa tiba ya familia nguzo hizo zingekuwa pauni 83.2 na 90.5, na kwa kuwa nguzo huanzia sifuri, zinaonekana kama mapacha ambao mmoja amevaa viatu virefu. Lakini ubaya mkubwa si huo. Nguzo haisemi ni nani aliyepanda.

Tazama kundi la tiba ya fikra na tabia. Kwa wastani wameongeza pauni 3.0, kama kilo moja na theluthi hivi, na ukifanya jaribio la t la jozi, lile la kupima kama wastani wa tofauti uko mbali na sifuri, unapata p ya takriban 0.035. Hiyo p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu, kama kwa kweli hakuna mabadiliko. Kwa mazoea ya wengi kazi imekwisha: tiba imesaidia, andika ripoti. Sasa chora tofauti za wasichana wote 29, kila mmoja na kijiti chake, umewapanga kutoka aliyepungua zaidi hadi aliyeongezeka zaidi. Unachokiona ni vijiti vingi vifupi vinavyong'ang'ania sifuri, na mwisho kabisa kulia vijiti sita virefu vinavyosimama peke yao: 11.7, 12.6, 14.9, 15.4, 17.1 na 20.9. Jumlisha hivyo sita unapata pauni 92.6. Jumla ya kundi zima ni 87.2. Yaani wale 23 waliobaki, ukiwaweka pamoja, wamepoteza pauni 5.4. Msichana wa katikati kwenye mpangilio huo ameongeza 1.4 tu, na 11 kati ya 29 wamepungua.

Hiyo si habari ya "tiba inaongeza pauni tatu". Ni habari ya wachache walioitikia sana na wengi ambao hawakuitikia, na daktari akiiona hivyo atauliza swali jingine kabisa: hao sita wana nini?

Kundi la tiba ya familia halifanani na hilo. Wastani ni 7.26, karibu kilo 3.3, na umebebwa na wengi: 13 kati ya 17 wameongezeka, wanne wamepungua. Kijiti kirefu kuliko vyote ni cha msichana aliyetoka pauni 73.4 akafika 94.9. Hata ukimtoa huyo, kundi bado limepanda.

Skripti ya kuchora vijiti hivyo kwa makundi yote haizidi mistari ishirini:

library(MASS)
d <- anorexia
d$tofauti <- d$Postwt - d$Prewt
kikomo <- ceiling(max(abs(d$tofauti)) / 5) * 5

chora <- function(kundi) {
  x <- d[d$Treat == kundi, ]
  x <- x[order(x$tofauti), ]
  plot(x$tofauti, type = "h", ylim = c(-kikomo, kikomo),
       xlab = "Wagonjwa", ylab = "Baada kutoa kabla, pauni",
       main = paste0(kundi, ", jozi ", nrow(x)))
  abline(h = 0)
  abline(h = mean(x$tofauti), lty = 2)
}

pdf("tofauti.pdf")
for (k in levels(d$Treat)) chora(k)
dev.off()

Nisiupite mstari wa kikomo. Ukiiacha programu ijichagulie kipimo cha mhimili, kila grafu hujaza ukurasa wake, na kundi lililosogea kidogo linaonekana sawa na lililosogea sana. Hapa kikomo kinatafutwa mara moja kwa data zote, kinakuwa 25, halafu kila ukurasa unatumia −25 hadi 25, na sifuri iko katikati daima. Wengi hulalamika kwamba ukurasa unabaki na nafasi tupu. Nafasi tupu hiyo nayo ni taarifa.

Mwelekeo wa kutoa nao uandikwe kwenye mhimili kwa maneno. Baada kutoa kabla, si "tofauti" tu. Kwa uzito wa wasichana hawa kupanda ni heri, kwa shinikizo la damu kupanda ni balaa, na skripti moja ikichora vyote viwili msomaji asiachwe abahatishe. Mimi mwenyewe nilishawahi kupongezana na mtu kwa grafu tuliyokuwa tunaisoma kichwa chini.

Sasa turudi kwenye kundi la kulinganisha, maana lina jambo ambalo lilinikosesha usingizi kidogo. Nilipochora tofauti ya kila msichana dhidi ya uzito wake wa mwanzo, nukta zilishuka kama mteremko wa paa. Wanne waliokuwa wepesi kuliko wote, wenye pauni 70.5, 72.3, 74.0 na 75.1, wote wameongeza zaidi ya pauni 11. Watano waliokuwa wazito kuliko wote, kuanzia 88.3 hadi 91.8, wote wamepungua. Ukikokotoa kipimo cha uhusiano, kile kinachoanzia −1 hadi 1, kinatoka takriban −0.81. Mtu mwenye haraka angeandika kwamba hata bila tiba hizi mbili, waliokonda zaidi ndio wanaonufaika zaidi.

Haandiki hivyo anayejua kurejea kwenye wastani. Uzito wa siku moja ni uzito wenyewe pamoja na bahati ya siku hiyo. Ukimchagua mtu kwa sababu siku ile alikuwa chini sana, sehemu ya kule kuwa chini ni bahati mbaya ya siku, na siku ya pili bahati hiyo hairudi yote. Atapanda bila kufanyiwa lolote. Aliyekuwa juu sana atashuka kwa sababu hiyo hiyo. Tena kuna hesabu inayokuchezea: "kabla" imo kwenye mhimili wa chini, na imo pia ndani ya tofauti ikiwa na alama ya kutoa. Namba ukiilinganisha na kitu ambacho yenyewe imetolewa humo, uhusiano hasi unajizalisha.

Dawa yake ni ya zamani. P. D. Oldham alishauri mwaka 1962 kwamba mabadiliko yachorwe dhidi ya wastani wa vipimo viwili, si dhidi ya kipimo cha kwanza. J. Martin Bland na Douglas Altman, waliposhughulikia ulinganishaji wa vyombo viwili vya kupimia, walilieneza umbo hilo la grafu kiasi kwamba makala yao ya mwaka 1986 kwenye The Lancet ni miongoni mwa makala za tiba zinazotajwa zaidi duniani: tofauti wima, wastani wa vipimo viwili mlalo, na mistari miwili ya mpaka iliyo mbali na wastani wa tofauti kwa mara 1.96 ya mchepuko sanifu. Ukilichora kundi letu hivyo, uhusiano unapungua kutoka −0.81 hadi kama −0.19. Mteremko wa paa ulikuwa zaidi wa hesabu kuliko wa wasichana.

Hata hivyo kuna kitu kinabaki kunikereketa. Katika kundi hilo uzito wa kwanza haukuambii karibu chochote kuhusu wa pili. Mstari wa kubashiri baada kutokana na kabla unakaribia kulala, tena umeinama kidogo chini. Kwa uzito wa mwili hilo si la kawaida. Mzito wa leo kwa kawaida ni mzito wa kesho. Sisemi kwamba data zile zina kosa; wagonjwa hawa wanaweza kubadilika kwa namna ambayo watu wengine hawabadiliki. Nasema tu kwamba grafu ya namna hiyo ikitoka kwenye skripti yangu, kwenye data zangu, sianzi kutafuta maelezo ya kitabibu. Naanza kwa kuuliza kama jozi ni zenyewe. Kipimo cha uhusiano kati ya kabla na baada ndicho ningepaswa kukikagua siku ile badala ya wastani, na sasa skripti inakichapisha kwa kila kipimo kabla ya kuchora chochote.

R yenyewe nayo imeanza kuwa mkali kwenye jambo hili. Zamani ungeweza kuiandikia jaribio la t kwa fomula ya kipimo dhidi ya kundi, ukaongeza neno la kusema ni jozi, nayo ikafunga jozi kwa kufuata mpangilio wa mistari: wa kwanza wa kundi hili na wa kwanza wa kundi lile. Tangu toleo la 4.4.0 la mwaka 2024 inakataa na kutoa kosa. Skripti nyingi za zamani zilivunjika, watu wakanung'unika. Mimi nilicheka, maana ni kosa langu lile lile limewekewa komeo. Ukitaka jozi sasa unaitaja wazi, safu mbili ndani ya Pair, halafu lawama ni yako.

Na jozi si urembo. Data za usingizi ambazo Student, yaani William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness, alizitumia mwaka 1908 zimo ndani ya R mpaka leo: wagonjwa kumi, dawa mbili, saa za ziada za usingizi kwa kila dawa. Wastani wa tofauti kati ya dawa hizo ni saa 1.58. Ukiwachukulia kama watu ishirini wasiohusiana, p ni takriban 0.079. Ukikumbuka kwamba ni kumi wale wale, inakuwa 0.0028.

Muuguzi sasa anabonyeza mara moja na faili linatoka. Nilidhani kazi yangu imeishia hapo, lakini yeye ameongeza hatua yake mwenyewe ambayo haimo kwenye skripti. Huchagua wagonjwa wawili kwenye kila grafu, aliyepanda zaidi na aliyeshuka zaidi, anaziandika namba zao kwa kalamu ya risasi pembeni, kisha anakwenda kabatini kufungua rejesta. Mwezi uliopita alirudi na moja ambayo haikulingana. Nilianza kujitetea kabla hajamaliza kusema.

"Tulia kaka," akasema. "Safari hii aliyekosea ni rejesta. Mwandiko wangu mwenyewe."